Nani Aunganishwe na Mashine?

Mwezi Mei mwaka 1953, mjini Philadelphia, daktari mpasuaji John Gibbon alifanikiwa kupasua moyo wa mgonjwa huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Mashine ya namna hiyo sasa imetoka katika chumba cha upasuaji. Mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla, na haukuitika kwa kukandamizwa kifua wala kwa kupigwa umeme, huweza kutiwa mirija katika mishipa mikubwa ya paja, damu yake ikatolewa, ikaongezwa oksijeni na kurudishwa mwilini.

Swali gumu ni nani aunganishwe. Mashine hiyo ni ghali, yahitaji wataalamu usiku na mchana, na haimfai kitu mtu ambaye ubongo wake umekwisha kufa kwa kukosa damu. Ndiyo maana madaktari hutafuta dalili za kubashiri nani atapona: je, alionekana akianguka? Aliyekuwa karibu alianza kumkandamiza kifua papo hapo? Moyo ulikuwa ukitetemeka au umetulia kabisa? Damu ina asidi kiasi gani? Na zaidi ya yote, dakika ngapi zimepita?

Majaribio hayakutoa jibu moja. Mjini Minneapolis, katika matokeo ya mwaka 2020, wagonjwa 6 kati ya 14 waliopelekwa kwenye matibabu ya mashine walitoka hospitali wakiwa hai. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida ni 1 tu kati ya 15. Lakini Uholanzi, ambako hospitali 10 zilishiriki, matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha waliokuwa hai na ubongo mzima baada ya siku 30 ni asilimia 20 kwa 16, tofauti isiyothibitisha lolote. Yafaa ikumbukwe kuwa Minneapolis kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kundi moja lililoizoea.

Tena upo mtego. Anayebashiriwa kufa haunganishwi; asipounganishwa hufa; kisha kifo chake huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba ubashiri ulikuwa wa kweli. Jedwali zilizotungwa kutokana na waliounganishwa peke yao haziwezi kusema lolote la hakika juu ya wale waliokataliwa mlangoni.

Naye aliyeunganishwa hajaepukana na swali hilo. Siku chache baadaye, moyo usipoamka, madaktari na jamaa zake hulazimika kukaa kitako tena, safari hii kuamua iwapo mashine izimwe.