Kinyausi katika Miche ya Mrehani Limau: Mbegu Inavyosingiziwa



Nimeombwa kuzungumzia ukuzaji wa mrehani limau kwa mbegu katika bustani za nyumbani. Mmea wenyewe mnaufahamu: ni chotara wa mrehani wa kawaida na jamii moja ya kivumbasi, na harufu yake inatokana na sitrali, iliyomo pia kwenye mchaichai. Unapenda jua na joto. Mbegu huota kwa siku 5 hadi 10. Hayo hayana mgogoro.

Mgogoro ni kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, na muda uliobaki nitautumia huko.

Kila masika malalamiko ya wakulima ni yaleyale: "mbegu mliyotupatia ni mbovu." Ukifika kitaluni unakuta mbegu iliota vizuri, kisha miche ikalala. Chunguza mmoja: shina limenywea usawa wa udongo, likawa jembamba kama uzi, ilhali majani bado mabichi. Hiyo ni kazi ya vimelea vya udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia. Pythium hutoa vijimbegu vinavyoogelea, ndiyo maana udongo uliolowa kutwa kucha humaliza kitalu kwa siku chache.

Mrehani una hatari ya ziada. Mbegu yake ikipata maji huvimba na kujivika ute. Bado tunasikia mafunzoni kwamba ilowekwe usiku kucha. Asubuhi imekuwa bonge lisilotenganishika, inamwagwa pamoja, miche inaota imebanana, hewa haipiti. Mmoja ukiugua, mingine hufuata. Mada hii haikusudii kulaumu ofisi wala mtaalamu yeyote. Lakini inaumiza kuona tiba inayotolewa kila mara ni pakiti nyingine ya mbegu, ikapandwe katika udongo uleule.

Napendekeza ulowekaji uachwe kabisa. Mbegu ichanganywe na mchanga mkavu, itawanywe, ifunikwe kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Kabla ya kupanda, kitalu cha ardhini kinyeshewe kwanza, kifunikwe nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6. Anayeotesha kwenye kopo aumwagie udongo maji yanayochemka na kuuacha upoe. Kopo litobolewe chini. Samadi mbichi isikaribie kitalu.

Kumwagilia kufanyike asubuhi. Njia bora ni kuliweka kopo ndani ya sinia la maji na kulitoa mara uso wa udongo unapolowa. Miche iliyosongamana ipunguzwe kwa mkasi, kwa kuwa kung'oa hujeruhi mizizi ya jirani. Ikifikisha majani halisi 4 hadi 6 ihamishwe, sentimita 30 kati ya mche na mche. Fedha zisipotezwe kwenye dawa za ukungu baada ya miche kulala: mche ulioanguka haufufuki.

Kwa maafisa ugani, naomba shina likaguliwe kabla ya kuandika "mbegu haikuota", na fomu za ufuatiliaji zitenganishe mbegu isiyoota na mche uliokufa. Mwenye shaka atandaze mbegu 20 juu ya kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto na mwanga. Zikiota nyingi, tatizo liko kwenye udongo na maji. Na narudia, kwa sababu naamini kesho kutakuwa na mafunzo mahali fulani: mbegu ya mrehani isilowekwe.