Uso wa Mtoto Kwanza: Namna ya Kupiga Picha za Watoto Nje Kwenye Jua Kali

Mada kwa ajili ya semina ya wapiga picha wa mahafali na sikukuu



Wengi wetu tunaishi kwa picha za watoto. Mahafali ya chekechea ya Novemba na Desemba, Idi zote mbili, kipaimara, siku za kuzaliwa: karibu shughuli zote hizi hufanyika nje, tena mchana, kwa sababu ratiba hupangwa na shule, msikiti, kanisa au mzazi. Matokeo yake tunayafahamu. Mtoto amefinya macho, chini ya nyusi kuna weusi, paji la uso linang'aa, na nyuma yake anga limependeza kuliko yeye. Mzazi analipa, lakini picha hiyo haipandi ukutani.

Hoja ninayoileta kwenu ni kwamba kasoro hizi nyingi hazitokani na kamera duni. Zinatokana na maamuzi matatu tunayoyafanya haraka mno kabla ya kubonyeza: mtoto asimame wapi, aelekee wapi, na mwanga upimwe juu ya kitu gani. Tukiyafanya maamuzi hayo kwa kuanzia na uso wa mtoto, hata simu ya kawaida hutoa picha ya kuwekwa kwenye fremu.

1. Jua letu na saa zake

Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna jioni ndefu wanayoisifu wapiga picha wa Ulaya. Jua letu hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa. Dar es Salaam hupata jua la utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, adhuhuri, kivuli cha mtu huishia miguuni pake.

Kipimo chepesi cha kujua kama mwanga unafaa ni kivuli cha mtoto mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko kimo chake, jua liko chini ya nyuzi 45 na mwanga unayafikia macho. Kikiwa kifupi kuliko kimo chake, mwanga unashuka kutoka juu na matundu ya macho yanaingia giza. Kwa Dar es Salaam, sehemu kubwa ya mwaka, hali hiyo huanza mnamo saa 3 na nusu asubuhi na kuendelea hadi karibu saa 9 alasiri. Ndizo saa hasa za mahafali, na mtoto wa mahafali amevaa kofia ya bapa inayomwongezea kivuli machoni.

2. Kivuli cha wazi

Dawa ya kwanza ni kumtoa mtoto juani. Hata hivyo si kila kivuli kinafaa. Chini ya mwembe, jua hupenya kati ya majani na kumtia mtoto madoa meupe usoni, na majani hayo hutupa ukijani kwenye ngozi. Kivuli kinachofaa ni cha baraza, ukumbi wa darasa, upande wa ukuta au hema lenye paa jeupe.

Mahali pa kusimama ndani ya kivuli pana umuhimu mkubwa. Chukua baraza ya shule. Mtoto akisimama ndani kabisa, karibu na mlango, mwanga ni hafifu na uso umepooza. Msogeze hadi hatua moja kabla ya mstari ambapo kivuli kinakutana na jua, kisha mgeuze atazame uwanjani. Papo hapo uso hufunguka: mashavu yote mawili yanapata mwanga laini, na ndani ya mboni hujitokeza nukta nyeupe ya anga inayoyapa macho uhai. Mgeuze atazame ukutani, nukta hiyo inapotea na macho yanakuwa mazito.

Kabla ya kumwita mtoto, nyosha mkono wako mbele, kunja ngumi, kisha jizungushe polepole ukiitazama. Utaona upande ambao vifundo vya vidole vina mwanga sawia na upande ambao vina vivuli vikali. Pale ngumi inapopendeza, uso nao utapendeza.

Mnapokagua eneo la kazi, kumbukeni kwamba kivuli huhama kwa msimu. Kwa Dar es Salaam, kuanzia Novemba hadi Januari jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo baraza inayotazama kaskazini ina kivuli kutwa. Juni na Julai ni kinyume chake.

3. Pasipo na kivuli

Uwanja ukiwa mtupu, mgeuze mtoto ili jua liwe mgongoni mwake. Nywele na mabega hupata mstari wa mwanga, uso unakuwa kivulini, naye haoni tena haja ya kufinya macho. Sasa uso huo unahitaji kujaziwa mwanga. Mchanga mweupe wa pwani na ukuta uliopakwa chokaa hufanya kazi hiyo bila gharama. Pasipo na vitu hivyo, tandika shuka jeupe chini mbele ya mtoto, au msaidizi ashike ubao mweupe karibu na kifua chake. Karatasi ya fedha inayong'aa tuiache, kwa maana inarudisha makali yaleyale ya jua machoni.

Njia ya pili ni kulichuja jua. Mita mbili za bafta nyepesi, zikishikwa na watu wawili juu ya kichwa cha mtoto, hugeuza mwanga mkali kuwa laini. Kitambaa kikikaribia mtoto, ulaini unaongezeka. Mwanga wa mchana ukitumiwa vizuri unatosha: Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, kitambaa kikiwa kimetundikwa nyuma ya wateja. Picha hizo leo zinaoneshwa katika makumbusho makubwa ya dunia.

Njia ya tatu ni flashi iliyopunguzwa nguvu. Kamera nyingi hukubali flashi ya kawaida hadi kasi ya shata ya 1/200 au 1/250, na umbali ukiongezeka maradufu nguvu yake hushuka hadi robo. Mpige picha mtoto akiwa ndani ya mita 2.

4. Kupima mwanga juu ya ngozi yetu

Mita ya kamera hudhani kwamba kila inachokiona ni cha kijivu cha wastani. Ikikutana na kanzu nyeupe au anga jeupe, hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi wa mtoto huzama. Vyombo vyetu vilirithi historia ya kuisahau ngozi yetu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kusambazwa miaka ya 1990. Ngozi nyeusi haina kasoro mbele ya kamera; inataka mpimaji anayeitazama.

Kwa hiyo pima shavuni. Kama mita inapima picha nzima na mandhari ya nyuma ni angavu, ongeza mwanga hatua 1, hata hatua moja na nusu, na ukubali anga kuwa jeupe. Mzazi hakununua anga. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, shikilia hadi kipimo kifungwe, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Futa lenzi kwanza, kwani mafuta ya vidole huitia picha ukungu juani.

Kwa anayeseti kamera mwenyewe, juani pasipo mawingu anzia f/16, ISO 100 na shata 1/125. Kwenye kivuli cha wazi mwanga hupungua kama mara 8, hivyo fungua tundu la lenzi hadi f/5.6. Mtoto akikimbia, pandisha shata hadi 1/500 na uongeze ISO kufidia.

Kuna jambo dogo linaloharibu picha nyingi nzuri: mafuta ya mgando. Mama humpaka mtoto aonekane nadhifu, na jua hugeuza paji la uso na pua kuwa mabaka meupe ambayo hakuna programu itakayoyarudishia rangi. Beba kitambaa laini, omba ruhusa, mpanguse taratibu.

5. Mtoto mwenyewe

Usimlazimishe mtoto kutazama jua ili akupatie mwanga. Macho yakimtoka machozi, mwambie afumbe, hesabu hadi tatu, afumbue, piga. Piga magoti ufikie kimo chake, ukichagua nyuma yake kitu cheusi kuliko anga: mlango, ua, ukuta. Fanya kazi kwa dakika chache, mpe maji, mrudishe kivulini.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji uangalifu zaidi. Ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na mwanga mkali humuumiza macho. Asivuliwe kofia pana wala nguo ya mikono mirefu juani kwa ajili ya picha, na asipigwe flashi usoni. Mboni zake zikichezacheza, tumia shata ya kasi na usimkaripie akae sawa. Kwenye picha ya darasa, wote wawe kivulini, yeye akae upande wa ndani, mbali kidogo na ukingo wenye mwanga mwingi. Hapo uso wake hautaungua kwenye picha wakati nyuso za wenzake zinapata mwanga wa kutosha.

6. Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu akague eneo siku moja kabla, saa ileile ya shughuli, akijua kivuli kitakuwa wapi. Pili, mkoba wa kila mpiga picha uwe na bafta, shuka jeupe na kitambaa cha kupangusia. Tatu, na hili ndilo zito, tuzungumze na walimu wakuu mapema ili picha za mtoto mmoja mmoja zipigwe kabla ya saa 3 asubuhi, ndipo hotuba zifuate. Shule nyingi huweka picha mwishoni kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo. Ni wajibu wetu kuwaambia, na msimu wa mahafali ujao tuanze nao hivyo.