Mpanda Farasi Akianguka

Huko Uingereza mashindano ya farasi ni kazi ya watu. Lakini ni kazi ya hatari. Desemba 1963, Tim Brookshaw alianguka katika uwanja wa Aintree, Liverpool. Machi 1964, Paddy Farrell naye akaanguka pale pale. Wote wawili walivunjika mgongo, wakapooza. Kazi ikaisha. Je, watakula nini?

Wenzao hawakukaa kitako. Walichanga fedha, wakaanzisha mfuko mwaka ule ule wa 1964. Mfuko ule upo hata leo. Una nyumba tatu za kuwatibu wapanda farasi walioumia: Lambourn, Malton na Newmarket.

Haba na haba hujaza kibaba. Nasi tuchange mapema. Tusingoje mwenzetu aanguke ndipo tutafute daftari la michango.