Michezo na Malezi ya Watoto Wetu Wadogo

(Hotuba ya Kamati ya Malezi, kama ilivyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati ya Malezi imepewa nafasi ya kusema mbele yenu juu ya shule ya watoto wadogo ambayo Chama chetu huitunza, na hasa juu ya uwanja ulio ubavuni mwake. Wanachama wajua ya kuwa liko shauri la kujenga darasa jingine katika uwanja huo. Shauri hilo litapigiwa kura leo, baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu zake. Kabla ya mikono kuinuliwa, twaomba ruhusa kueleza uwanja ule una kazi gani.

Wazazi wametuletea maneno mawili. La kwanza, kwamba mtoto hurudi nyumbani na mchanga nguoni, hali daftari lake halina kitu. La pili, kwamba karo hulipwa ili mtoto afundishwe, wala si ili acheze, kwani kucheza aweza kucheza nyumbani bure. Maneno haya si ya kudharauliwa. Mzazi aamkaye alfajiri kwenda sokoni kuuza mboga, apate karo ya mwanawe, ana haki ya kuuliza fedha yake yanunua nini. Twataka kumjibu kwa heshima, na kwa mambo ya hakika.

Hofu ya wazazi ina asili yake. Kwa miaka mingi shule nyingi za mijini zilimpa mtoto mtihani kabla ya kumpokea katika darasa la kwanza. Mtoto wa miaka 6 alisimama mbele ya mwalimu asiyemjua, akatakiwa asome na kuhesabu, na akishindwa hurudishwa kwao. Ndipo nasari zetu zilipogeuka kuwa mahali pa kuwatayarisha watoto kwa mtihani huo. Wakakalishwa mabenchini tangu asubuhi, wakaimba herufi wasizozielewa. Lakini mambo yamebadilika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaikataza shule ya serikali kumpa mtoto mtihani ili imkubali au imkatae. Ruhusa iliyopo ni ya kumpima ili ijulikane awekwe darasa gani. Tena mtaala mpya, ulioanza kufundishwa katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, waweka miaka 2 ya masomo ya awali, kwa watoto wa miaka 4 na wa miaka 5, nao wataka watoto hao wajifunze kwa kutenda na kwa kucheza. Kwa hiyo mwalimu wetu atokaye nje na watoto hakwepi kazi. Afanya kazi aliyoagizwa.

Sasa tutazame mchezo mmoja tu ambao kila mmoja wetu aujua, yaani mdako. Watoto huchimba kishimo, wakatia kokoto, tuseme 12. Mchezaji hurusha jiwe moja juu; lingali hewani, huzikomba kokoto nje ya kishimo, kisha hulidaka lile jiwe. Hulirusha mara ya pili, akazirudisha kokoto zote kishimoni isipokuwa moja, ambayo huwa mali yake. Jiwe likimponyoka, au akiacha nje kokoto 2 badala ya 1, zamu yake imekwisha. Je, mtoto huyo amefanya nini? Ametoa 1 katika 12, zikabaki 11. Kisha ametoa 1 katika 11, zikabaki 10. Na hesabu hiyo ameifanya mbele ya mashahidi wasiokubali udanganyifu. Jicho lake na mkono wake vimejifunza kwenda pamoja. Amengoja zamu, ameshindwa, wala hakupigana. Hakuna daftari liwezalo kumfundisha mtoto wa miaka 5 mambo hayo yote kwa nusu saa.

Kadhalika mchezo wa nyumba, ule ambao watoto wengi wa bara huuita kalongolongo. Huyu ni mama, yule ni baba, na wa tatu ni mwenye duka. Mwenye duka ataja bei, mama alalamika kwamba unga umepanda, baba asema mshahara haujatoka. Katika maneno hayo mtoto hujifunza kupanga usemi wake, hujifunza mahesabu ya kununua na kuuza, na zaidi ya yote hujifunza kwamba mwenzake ana mawazo yake mwenyewe na sharti asikilizwe. Naye mtoto afinyangaye udongo apate kikombe au ng'ombe anatia nguvu katika vidole vile vile vitakavyoshika kalamu kesho.

Lakini mchezo hauhusu masomo peke yake. Wako miongoni mwetu watoto waliofiwa na wazazi, na watoto ambao nyumba zao zimewahi kubomolewa au kuungua moto. Mtu mzima mwenye huzuni huenda kwa jirani, akakaa, akaeleza. Mtoto wa miaka 4 hana maneno ya kueleza huzuni yake, yeye huicheza. Huzika doli lake, hujenga nyumba ya vijiti akaiangusha, kisha akaijenga tena. Mwalimu mwenye macho huyaona hayo, akamketisha mtoto karibu naye, akazungumza na walezi wake. Mtoto huyo akikalishwa benchini siku nzima na kuambiwa anyamaze, nani atajua kilicho moyoni mwake?

Habari hii si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1940 shule za watoto wadogo zilikuwa hasa za Wazungu na Wahindi. Baada ya uhuru mwaka 1963, wananchi kwa moyo wa Harambee walijenga nasari zao wenyewe, nyingine chini ya miti na nyingine katika majumba ya ibada, na akina mama ndio waliotangulia. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha, kwa msaada wa Shirika la Bernard van Leer la Uholanzi, mpango wa kuwafunza walimu wa nasari na kutengeneza vifaa vyao, na mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo. Katiba ya mwaka 2010 iliitia elimu ya awali mikononi mwa serikali za kaunti.

Tena tunao mfano mwema katika pwani yetu. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu walisikitika kuona watoto wao wakibaki nyuma katika shule za msingi, wakamwomba Aga Khan msaada. Kazi ilianzia Mombasa, ikiongozwa na mwalimu Bi Swafiya Said, na shule za kwanza zikafunguliwa katika madrasa zilizokuwapo mitaani. Watoto walifunzwa dini na mila zao, na papo hapo walicheza kwa mpango. Vifaa havikuagizwa kutoka ng'ambo. Vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu, makuti na vipande vya kitambaa ndivyo vilivyokuwa vya kuhesabia, vya kupanga na vya kujengea. Mpango huo ulifika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wataalamu waliwalinganisha watoto wa shule hizo na wa nasari nyingine, na wale waliobaki nyumbani, katika nchi zote tatu. Na katika taarifa yao ya mwaka 2008 walionyesha ya kuwa watoto waliokwenda nasari za aina yo yote waliendelea kuliko wale wa nyumbani, na wale wa shule za madrasa waliwapita wote. Mzazi anayeogopa kwamba mchezo utamchelewesha mwanawe na autafakari ushahidi huo.

Mfano wa pili watoka mbali, katika kisiwa cha Jamaica, lakini watuhusu kwa sababu ni wa watu wenye kipato kidogo kama sisi. Katika mji wa Kingston, miaka ya 1986 na 1987, walichaguliwa watoto 129 wenye umri wa miezi 9 hadi 24 waliokuwa wamedumaa kwa lishe haba. Wengine walipewa maziwa ya unga kila juma. Wengine walitembelewa kila juma na mhudumu wa afya, aliyekaa na mama kwa muda wa saa 1, akamwonyesha jinsi ya kucheza na mtoto wake na kuzungumza naye, kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo na masanduku makuukuu. Wengine walipewa yote mawili, na wengine hawakupewa lo lote katika hayo. Kazi hiyo ilidumu miaka 2. Baada ya miaka 20 wataalamu waliwatafuta tena, na taarifa iliyotolewa mwaka 2014 ikaonyesha kwamba wale waliochezeshwa walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuacha faida ya kudumu namna hiyo. Hatusemi kwamba chakula si kitu; mtoto mwenye njaa hachezi. Twasema kwamba uji wa saa nne na mchezo ni ndugu wawili, na Chama kilichokwisha kumkaribisha mmoja kisimfukuze mwingine.

Ama kuhusu afya ya mwili, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Lasema kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 yampasa apate kila siku dakika 180 za kutumia mwili wake, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka kwa nguvu. Asitazame televisheni wala simu zaidi ya saa 1 kwa siku, na kupungua zaidi ni bora. Alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Sasa twaulizana, mtoto anayeishi katika chumba kimoja na wazazi na ndugu zake, mlangoni pakipita pikipiki, atazipata wapi dakika 180? Wasemao kwamba mtoto aweza kucheza nyumbani na watutajie huo uwanja wa nyumbani. Kwa watoto wengi wa mtaa huu, uwanja wetu ndio wa pekee walio nao.

Kucheza ni haki iliyoandikwa, wala si hisani yetu. Umoja wa Mataifa uliitaja katika Tamko la Haki za Mtoto la mwaka 1959, ukaitia katika Mkataba wa mwaka 1989, ambao Kenya iliukubali mwaka 1990.

Hata hivyo tusieleweke vibaya. Hatutetei watoto kuachwa wakizurura hali mwalimu ameketi kivulini na simu yake. Mchezo wa shule una mpango. Mwalimu hutengeneza vifaa tangu jana, hugawa watoto makundi madogo, hupita akiuliza, "Kwa nini hiki kimezama na kile kimeelea?" Huandika nani amehesabu hadi ngapi, nani hasemi, nani asukumwa na wenzake. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika herufi ubaoni na kuamuru ziimbwe. Yahitaji mwalimu aliyefunzwa, mwenye mshahara unaofika kwa wakati.

Lipo pia swali la nafasi, ambalo ndilo lililozaa shauri la kujenga. Ni kweli kwamba watoto wamejaa darasani. Lakini jumba hili tulimoketi hukaa tupu kila asubuhi kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, na mikutano yetu mingi ni ya jioni. Kundi moja laweza kuhamia humu bila ya tofali hata moja kufyatuliwa. Darasa likikosekana leo, laweza kujengwa mwaka ujao; uwanja ukisha kujengwa, hautarudi, na mtaa huu hauna mwingine.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yaleta mbele ya mkutano maombi manne.

Kwanza, shauri la kujenga katika uwanja likataliwe, na jumba hili litumiwe na watoto kila asubuhi ya siku za kazi.

Pili, fedha kidogo zitengwe kwa kuzungushia uwanja ua, kuokota vigae na misumari, na kupanda miarobaini 2 ya kivuli, ili mzazi asiwe na hofu ya mtoto kuumia.

Tatu, Katibu aiandikie serikali ya kaunti, ambayo ndiyo yenye dhamana ya elimu ya awali, kuomba mafunzo zaidi kwa walimu wetu. Kuomba hivyo si kunyenyekea. Ni kudai kilicho chetu.

Nne, kila tarehe 11 Juni, ambayo tangu mwaka 2024 ni Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto, wazazi waalikwe shuleni wakae na watoto wao asubuhi nzima. Twataka hasa akina baba waje. Baba atakayeshindwa na mwanawe katika mdako hatauliza tena karo yake yanunua nini.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi wa Kamati hatuna kura zaidi ya wanachama wengine, wala hatuna mali ya kuwavutia. Tunayo haya tuliyoyaona na kuyasoma, nasi tumeyaweka mbele yenu. Watoto wenyewe hawamo katika mkutano huu na hawawezi kuinua mikono. Twawaomba ninyi mwinue kwa niaba yao.