Daftari la Daraja
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



 Huenda wengine mkauliza, "Makarani na madaraja, wapi na wapi?" Twaomba mtuvumilie, maana yako madaraja ambayo afya yake hujulikana kwa daftari kuliko kwa macho.

Zege, yaani sementi, mchanga na kokoto, hustahimili sana kukandamizwa, bali likivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo mafundi hupitisha nyaya za chuma cha pua katika mabomba yaliyomo ndani ya zege, wakazivuta kwa nguvu nyingi na kuzifunga ncha zake, kisha wakajaza mabomba uji wa sementi ili kuzuia kutu. Nyaya hizo hulibana zege, nalo huwa imara. Lakini zikiliwa na kutu, jicho halioni kitu. Wazee walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Huko Wales daraja la Ynys-y-Gwas lilijengwa mwaka 1953. Tarehe 4 Desemba 1985 lilianguka ghafula, wala halikuwa limeonyesha dalili. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Ikaonekana kwamba chumvi imwagwayo barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu ilipenya pamoja na maji katika viungo vya vipande vya zege, ikazila nyaya. Sisi wa pwani twajua jinsi chumvi ilavyo misumari ya mabati. Lakini misumari twaiona. Mwaka 1992 Serikali ya Uingereza ilizuia kwa muda madaraja mapya ya namna hiyo, hata zipatikane njia bora.

Basi, kisichoonekana hupimwaje? Njia moja ni kusikiliza. Katika daraja la barabara la Hammersmith, London, lililofunguliwa mwaka 1961, viliwekwa vyombo vya kunasa mlio wa waya unapokatika. Desemba 2011 daraja lilifungwa kwa magari, likatengenezwa. Lakini mlio huo ni habari ya waya uliokwisha kufa.

Njia ya pili, ambayo Waswisi wameitumia sana, huchunguza kinga yenyewe kabla ya madhara. Nyaya hutiwa katika bomba la plastiki lililozibwa barabara, zisigusane na nondo za daraja. Kisha hupimwa jinsi umeme unavyozuiwa kupita kati ya nyaya na nondo. Bomba likiwa zima, kizuizi ni kikubwa, na huzidi kadiri uji wa sementi unavyokauka miaka ikipita. Kikishuka, yafaa kushuku kwamba bomba limetoboka au maji yameingia.

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, Mabwana. Hesabu moja peke yake haisemi mengi. Ni lazima ilinganishwe na ile ya siku ya kwanza na zote zilizofuata. Tena iandikwe pamoja na tarehe, urefu wa nyaya, na joto la siku ile, kwa kuwa joto nalo hubadili kipimo. Ukurasa mmoja ukipotea, mpimaji wa kesho amekuwa kipofu.

Nasi twaijua hila ya karani mchovu: kunakili hesabu ya mwaka jana, akisema, "Hakuna kilichobadilika." Katika orodha ya viti pengine hasara ni ndogo. Katika daftari la daraja, hesabu iliyonakiliwa yaficha kutu kama zege liifichavyo, na watakaopita juu hawatakuwa na mtu wa kuwaonya.

Basi tusiidharau kalamu. Tuandike tulichokiona, siku tuliyokiona. Na tusipopima, tuandike kwamba hatukupima. Huo nao ni ukweli wa kumfaa ajaye baada yetu.