Presha Inapodanganya

Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi. Ajali ikitokea pale, anayempokea majeruhi mara nyingi ni afisa tabibu, kada inayofundishwa mkoani Morogoro, mjini Kilosa. Kosa linaloua ni kuridhika na presha. Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu. Akipoteza lita 1 kwa ndani, namba ya juu ya presha inaweza kubaki 120, kwa kuwa moyo umeongeza kasi na mishipa imejibana. Dalili ziko kwenye mapigo, vidole vya baridi na mkojo uliopungua.

Hakuna mwalimu atakayemwacha mgonjwa avuje damu ili darasa lijifunze. Kwenye kompyuta inawezekana. Mwaka 1972 Arthur Guyton, mwandishi wa kitabu maarufu cha fiziolojia, na wenzake huko Mississippi walichapisha milinganyo ya mzunguko mzima wa damu. Kazi hiyo ilizaa HumMod, programu yenye vigezo zaidi ya 5,000. Unapunguza damu, unatazama figo zinavyojibu dakika kwa dakika.

Vyuo vyetu viitumie, tena mapema. Lakini namba za kuanzia zibadilishwe: mjamzito wa Kilosa aliyetoka kuugua malaria huenda ana upungufu wa damu, hemoglobini 8 tu, na akiba yake ya kuhimili kuvuja ni ndogo mno. Marekebisho hayo wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Muhimbili wanayaweza, wakikaa meza moja na madaktari wa wilaya wanaowatibu akina mama hao.