Hotuba juu ya Kuwafundisha Wanafunzi Kutengeneza Vitabu kwa Mkono

Wanachama wote wa Katito,

Nimetakiwa kusema machache juu ya shauri lililoletwa mbele ya Chama, kwamba wanafunzi wetu wafundishwe kutengeneza vitabu kwa mikono yao katika kiwanda kidogo cha chapa. Wako wazee waliouliza: "Mtoto tumempeleka shule asome vitabu, mbona sasa avishone?" Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu.

Kwanza, kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Mtu akishika barabara itokayo hapa kwenda Kendu Bay hufika karibu na Gendia, ambako Wasabato walianzisha misheni mwaka 1906. Mkuu wao, Arthur Carscallen, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiluo mwaka 1910, na mwaka 1913 akapata mtambo mdogo wa chapa, maandishi yakaanza kuchapwa papo hapo kando ya ziwa. Na huko pwani, kabla ya mitambo hiyo kufika, mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate walikuwa wakinakili Misahafu kwa kalamu na kuipamba kwa wino wa rangi.

Pili, kazi yenyewe ni shule. Karatasi nne zikikunjwa katikati na kutiwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 16. Mikunjo kadhaa ya namna hiyo hushonwa pamoja kwa sindano na uzi uliopakwa nta, mgongo ukatiwa gundi, kisha kitabu kikavikwa jalada. Karatasi ina mkondo wake kama ubao ulivyo nao. Asiyeufuata, kitabu chake hakifunguki vizuri. Picha huchongwa juu ya ubao laini: palipochongwa hubaki peupe, palipoachwa hushika wino. Herufi za risasi hupangwa kinyume, moja moja, na kosa moja likipita hurudiwa katika kila nakala. Mtoto aliyezoea kuandika mbiombio hujifunza hapo kutazama kabla ya kutenda. Tena, mwenye kujua kushona kitabu kipya ajua pia kutengeneza kilichochanika, na vitabu vilivyochanika katika shule zetu si vichache.

Hata karatasi yaweza kutoka kwetu. Gugumaji, lile lililofunga njia za mitumbwi yetu tangu miaka ya 1990, limekwisha kutumiwa Kisumu kutengenezea karatasi. Mashina hukatwa, huchemshwa na kupondwa, kisha rojo huchujwa kwa wavu na kuanikwa. Karatasi yake ina nyuzi nyingi, nayo yafaa kwa majalada na picha kuliko kwa maandishi madogo.

Tatu, nalo ndilo kubwa: vitabu hivyo vitaandikwa nini? Mchapaji wa Nairobi hawezi kuchapa nakala 20 tu za habari za ukoo mmoja wa Nyakach, kwa kuwa atapata hasara. Lakini sisi nakala 20 zatutosha. Ziwa lilijaa kati ya mwaka 1961 na 1964, likajaa tena mwaka 2020. Walioshuhudia mara ya kwanza, maji yalifika wapi na watu walihamia wapi, wamebaki wachache. Majina ya miti ya dawa na namna ya kutega samaki kwa vizio vya zamani vimo vichwani mwa wazee walioketi mbele yangu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mwanafunzi na atumwe kwa mzee, amwulize kwa adabu na kwa lugha yake, aandike, achonge picha, ashone; na nakala ya kwanza arudishiwe mzee huyo mkononi.

Sisemi kwamba kazi hii itampatia kila kijana mshahara. Wala siombi mtambo mkubwa, usije ukapata kutu kwa kukosa fundi. Tunaomba sindano, uzi, nta, visu vya kuchongea, wino, seti ndogo ya herufi, na kibanio cha mbao ambacho seremala wetu yeyote aweza kukiunda. Hayo yamo katika uwezo wa mfuko wa Chama.

Ombi la pili halina bei, nalo ni zito zaidi. Twaomba kila mzee atoe jioni moja katika mwaka akae na wanafunzi wawili au watatu, awasimulie. Fedha zikichelewa, twaweza kungoja hata mwaka ujao. Masimulizi hayangoji. Kwa hiyo nawasihi wanachama, hata kama hesabu ya fedha itaahirishwa leo, orodha ya wazee watakaosimulia iandikwe kabla hatujaondoka hapa.